Ua ni Wangu, Ng'ombe ni Wako

Sehemu ya Saba

Kamba tuliyoiacha wiki jana mkononi mwa Philemon ilikuwa bado mkononi mwa Philemon. Upande wa pili wa kamba hiyo kulikuwa na ng'ombe mweupe, mkubwa, kiwele kimejaa, na ng'ombe huyo hakuwa na habari kwamba ametekwa. Alikuwa anakula.

"Huyu hatoki hapa," Philemon akarudia, maana Mama Mitchel alikuwa hajamjibu. "Ameingia kwa nepia yangu, majani yangu ya kuuza, bila ruhusa. Amemaliza mistari miwili."

"Sasa ni mitatu, shemeji," akasema Mama Mitchel. "Umemkamata ukamsimamisha papo hapo kwenye chakula."

Philemon akageuka kutazama. Ng'ombe naye akamtazama, akitafuna. Philemon akamvuta hatua mbili. Ng'ombe akamvuta hatua tatu. Wakarudi kwenye nepia.

Kwa wewe uliyekosa gazeti wiki zilizopita, nakupa habari kwa pumzi moja. Mama Mitchel, ambaye jina lake ni Kageha, ni mjane wa marehemu Andati, hapa Chekalini. Andati alimwachia ekari tatu zenye kijito. Philemon ni ndugu ya marehemu, mzee wa kanisa, suti yake ni ya kijivu na moyo wake ni wa miwa. Tangu matanga yaishe anataka ekari zile tatu zipandwe miwa, na yeye awe msimamizi. Mama Mitchel hataki. Anasema muwa ukiingia shambani ni kama mgeni aliyekuja na kitanda chake, hutajua ataondoka lini.

Krismasi, mbele ya ukoo wote, nyama ikiwa bado mdomoni, walimbana sana. Akasimama akaweka nadhiri: "Nitakodisha malisho. Mpangaji wangu akiondoka kabla ya mvua ya Machi, hilo shamba pandeni miwa, nami nitanyamaza."

Mungu hapendi nadhiri za haraka, na Mama Mitchel alilijua hilo hata kabla hajaketi.

Mpangaji alipatikana. Ni Kipsang, kutoka upande wa Turbo, mtu wa ng'ombe tisa na maneno machache. Leo ni Ijumaa, Februari iko katikati, na mbingu ni nyeupe kama sahani. Kipsang akitoa ng'ombe wake leo, nyasi zimekwisha, na miwa imeingia.

Basi hapo ndipo Kipsang mwenyewe alipotokea, mbio, ndoo ya kukamulia mkononi, fimbo kwapani, gambuti zake za mpira zikipiga kwap, kwap.

"Chelel!" akamwita ng'ombe wake. "Uko huku?"

"Yuko huku," akasema Philemon. "Yuko kizuizini."

"Mzee, huyu hukamuliwa saa moja. Sasa ni saa mbili. Utamletea ugonjwa wa kiwele."

"Kwanza mnijibu swali moja. Moja tu." Philemon akatabasamu kidogo. "Huyu ng'ombe alipita kwa sababu ua ulibomoka, au kwa sababu hakuna aliyekuwa anamchunga?"

Swali lilikuwa tamu kama asali, na ndani yake mlikuwa na ndoana. Mkataba wa malisho ulisema ua ni wa mwenye shamba, na kuchunga ni kwa mwenye ng'ombe. Na mwisho wake ulikuwa na sentensi iliyotoka kwa Philemon mwenyewe siku ile alipokuwa shahidi: atakayeshindwa na kazi yake, mkataba umekufa. Kwa hiyo kosa likiwa la ua, mkataba umekufa. Likiwa la mchungaji, umekufa vilevile.

"Ua," akasema Kipsang papo hapo.

"Mchungaji," akasema Mama Mitchel papo hapo.

Wakatazamana.

"Mama Mitchel," akasema Kipsang, "hiyo ua imelala chini. Nimepita hapo sasa hivi."

"Ua haulali, Kipsang. Mwenye kulalanga ni mtu."

"Mimi sikulala! Nilikuwa naangalia."

"Ulikuwa unaangalia simu. Nilikuona kutoka jikoni umeinamisha kichwa, nikasema, Bwana asifiwe, Kipsang siku hizi anasali asubuhi. Kumbe!"

"Nilikuwa nauliza kama dawa ya kupe imefika dukani. Dawa ya kupe ni kazi ya nani? Si ni yangu? Ama pia hiyo nikuachie?"

"Usiniachie. Wewe chunga tu."

"Na wewe funga ua tu!"

"Ua wangu ulikuwa mzima jana jioni. Nilipita giza likiingia, nikiushika kwa mkono, waya baada ya waya."

"Basi labda ng'ombe wangu wanajua kuruka. Labda ni swara." Kipsang akaweka ndoo chini kwa nguvu. "Mama, mimi ni mtu mzima. Sitasimama hapa niitwe mtu wa kulala. Nyasi ziko pande nyingi. Natoa ng'ombe zangu leo, saa hii."

Na hapo Mama Mitchel akayaona meno ya shemeji yake.

Meno ya Philemon hayaonekani ovyo. Kanisani huonekana Pasaka, tena kama mahubiri ni mafupi. Sasa yalikuwa nje yote, yamepangana, yanapunga hewa.

Mama Mitchel akameza neno alilokuwa amelitayarisha, na lilikuwa neno zuri, lenye makali. Akalimeza hivyo hivyo.

"Kipsang," akasema polepole. "Hebu ngoja. Tukigombana mimi na wewe, nani anafurahi?"

Kipsang akafuata macho yake. Akayaona meno. Akainua ndoo yake tena.

"Tumwite Christine," akasema Mama Mitchel.

Meno yakarudi ndani.

Christine ni mwenyekiti wa Nyumba Kumi, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa. Nakala ya mkataba hukaa ndani ya mkoba huo, kwenye mfuko wa nailoni. Alifika akiwa na mwiko mkononi.

"Nimeacha maharagwe motoni," akasema kabla ya salamu. "Yakiungua, mtayala nyinyi, na mtayasifu. Nini mbaya?"

Wakamweleza wote watatu kwa wakati mmoja. Christine akamsikiliza wa nne, yaani ng'ombe, ambaye alikuwa ameanza kulia kwa maumivu ya kiwele.

"Kwanza huyu akamuliwe."

"Sitamwachilia," akasema Philemon.

"Nani amesema umwachilie? Mshike. Kipsang, kamua hapo hapo."

Kipsang akachuchumaa, akakamua. Maziwa yakapiga ndoo, chwaa, chwaa. Philemon akashika kamba kwa mikono miwili, akamtuliza ng'ombe asirushe teke, akamwambia "pole, pole" bila kujijua. Mzee wa kanisa aliyeamka asubuhi kumteka ng'ombe, kufika saa mbili na nusu alikuwa ameajiriwa na ng'ombe. Chelel naye, baada ya kupata nafuu, akainua mkia na kumlipa mzee ujira wake juu ya kiatu chake cha kushoto.

Hakuna aliyecheka. Christine alikohoa kwa muda mrefu, ni hivyo tu.

Kisha akafungua mfuko wa nailoni, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Mwenye shamba atatunza ua, na ataacha kijito wazi ng'ombe wanywe. Mwenye ng'ombe atachunga mwenyewe, atapiga dawa ya kupe kila wiki, na chumvi ni yake. Kinyesi chote kibaki shambani, ni mali ya mwenye shamba, kiende kwa mboga zake. Lango ni la wote wawili, anayepita afunge." Akakunja. "Sasa mnabishana kwa mdomo kuhusu kitu kinachoonekana kwa macho. Twendeni kwa ua."

Wakaenda. Mbele Christine na mwiko wake, nyuma Mama Mitchel, nyuma Kipsang na ndoo, na mwisho kabisa Philemon akivutwa na ng'ombe, maana Chelel alijua njia kuliko wote.

Pengo lilikuwa pale mpakani, karibu na kijito. Nguzo tatu zilikuwa zimelala upande. Senyenge ilikuwa imekunjwa kando.

"Si nilisema!" akasema Kipsang. "Ua."

"Ngoja," akasema Mama Mitchel.

Mama huyu, msomaji, si mwepesi wa kusema. Lakini macho yake hayajawahi kwenda likizo. Aliinama. Juu ya jiwe, kando ya nguzo ya kwanza, palikuwa na misumari sita ya senyenge. Imepangwa. Vichwa vyote vinatazama upande mmoja.

"Kipsang, wewe ndiye mjuzi wa ng'ombe," akasema. "Ng'ombe aking'oa msumari, huupanga juu ya jiwe?"

Kipsang akakuna kidevu. "Wangu sijawafundisha."

"Basi huu ua haukubomoka. Ulifunguliwa. Na aliyeufungua ni mtu nadhifu."

Christine akasogea aione misumari vizuri. Mguu wake ukagusa nguzo iliyolala, akaitazama, na ghafla akaruka nyuma, mwiko juu.

"Yesu! Nani aliweka mti huu hapa?"

Wote wakatazama. Ganda la nguzo lilikuwa na vimiba vidogo, na kichwani, ingawa ni Februari na ardhi imekauka kama kigae, nguzo ilikuwa imechipua majani mawili mabichi.

"Ni mimi," akasema Kipsang, bado hajui chochote. "Mwezi jana mchwa walikula hizo tatu. Ua ni wa mama, lakini alikuwa kitandani na malaria. Nikaona nisimsumbue. Nikakata huko mtoni. Ni mti mzuri. Laini. Unakatika haraka."

"Laini!" akasema Christine. "Anasema laini! Baba, huu ni murembe!"

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Murembe kwetu haupikiwi na haujengewi. Ni mti wa maua mekundu, na zamani mtu akikana jambo zito aliletwa kwenye mti huo, akaushika, akasema "si mimi". Aliyesema kweli alienda nyumbani akala obusuma, ugali wake. Aliyesema uongo, walisema wazee, alianza kukonda. Siku hizi sisi wote tumeokoka, na hakuna anayeamini mambo hayo. Hakuna pia anayeugusa.

Fikiria basi. Kipsang, kwa wema wake, alikuwa amemfungia Mama Mitchel mpaka mzima kwa nguzo tatu za kiapo.

"Mimi ni Mkristo," akasema Christine, akiwa mbali kidogo. "Siamini. Lakini mtu aliyeng'oa hizi nguzo amezishika kwa mikono yake, na alikuwa na neno la kuficha. Mimi singependa kuwa huyo mtu."

"Mimi pia siamini," akasema Philemon haraka, akarudi nyuma hatua mbili. Kamba ikakazika. Ng'ombe akamrudisha hatua moja.

Mama Mitchel alimtazama Kipsang, ambaye uso wake ulikuwa umepauka kwa aibu, mtu aliyetaka kusaidia akavunja mwiko wa watu. Akaona kwamba dakika mbili zikipita hivi, huyu atachukua ng'ombe zake tisa na kuondoka, si kwa hasira sasa bali kwa haya. Na haya huondoa mtu haraka kuliko hasira.

Akafunga leso yake kiunoni.

"Siku ya tatu," akasema, "Mungu aliumba miti yote yenye kuzaa kwa namna yake. Sijasoma mahali aliporuka huu."

Akainama, akaishika nguzo kwa mikono miwili, akaisimamisha kwenye shimo lake.

"Si mimi niliyefungua ua huu," akasema. "Haya. Bado ninapumua."

Kipsang akaweka ndoo chini, akashika nguzo ya pili. "Si mimi. Na simu nilikuwa naangalia kweli, Mama Mitchel, hiyo nakubali. Lakini dakika mbili tu."

"Nimekusamehe hizo mbili."

Wakacheka. Christine naye, moyo ukamjia, akaigusa nguzo kwa ncha ya mwiko, akasema "si mimi" kwa haraka, akaufuta mwiko kwenye majani.

Ikabaki nguzo moja chini.

"Shemeji," akasema Mama Mitchel kwa upole, "hii ya tatu imebaki yako."

"Mgongo," akasema Philemon.

"Mgongo gani? Jumapili ulibeba benchi mbili peke yako."

"Ni tangu hapo. Ni hizo benchi."

"Basi usiinue. Iguse tu. Kwa kidole."

"Mambo ya giza hayo! Mimi ni mzee wa kanisa. Mnataka mzee wa kanisa ashike mti wa mizimu mbele ya watu?"

"Mama Mitchel ameshika," akasema Christine, "na kwa kufunga na kuomba anakupita mbali."

Philemon akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, sauti ya mwanamke ikaita kutoka kwenye nepia.

"Baba! Uji unapoa tangu saa moja!"

Alikuwa Naliaka, mke wa Philemon, mwanamke mpole, mrefu, asiyejulikana kwa maneno. Akaja mpaka kwenye pengo. Akaona nguzo mbili zimesimama, moja imelala. Akaona mumewe amebanwa kama panya kwenye debe. Akaona ganda lenye miba.

Akashika mdomo.

"Uwi! Ni murembe?"

"Ni murembe," akasema Christine.

"Mimi nilizishika asubuhi, bado giza giza. Sikuona ni mti gani." Akavuta pumzi. "Mwacheni baba Rachael. Ni mimi nilifungua."

Philemon akageuka polepole sana. "Wewe?"

"Ni mimi. Akina mama wa kanisa wanakuja kwangu kesho. Jikoni kumepasuka pasuka, nilitaka kupaka sakafu. Sisi ng'ombe hatuna. Na hapa kinyesi kiko, kizuri, kibichi. Nilifungua nipite na karai. Nikapanga misumari vizuri ili nirudishe. Halafu nikasikia mtoto wa jirani analia, nikakimbia, nikasahau."

"Si ungekuja kuniomba?" akasema Mama Mitchel. "Kinyesi tu, dada! Ningekubebea mwenyewe."

Naliaka akamtazama mumewe. "Yeye alituambia nyumbani, mpaka Mama Mitchel aachilie shamba, mtu asikanyage kwake, asimwombe kitu. Hata chumvi." Akageukia Philemon. "Ulisema tusiombe, baba. Mimi sikuomba. Nilichukua."

Kipsang alilazimika kugeukia upande wa kijito, mabega yake yakitetemeka.

"Basi mambo yameisha," akasema Christine. "Ua ulikuwa mzima, kwa hiyo mwenye shamba hana kosa. Mchungaji hawezi kuchunga mlango ambao hajui umefunguliwa. Mkataba uko hai. Na hii nepia, mzee Philemon, imeliwa kupitia mlango wa mke wako. Achia kamba."

Philemon akaachia. Chelel hakuondoka. Alikuwa amemzoea. Ilibidi Kipsang amsukume.

"Mama Mitchel," akasema Kipsang, akimshika ng'ombe pembe, "hizo nguzo nitatoa. Nitaleta zingine. Pole sana."

"Ziache. Zimeanza kuchipua. Ua ni kazi yangu, na mimi nimezipenda. Wewe kazi yako ni kukaa."

"Nitakaa."

"Mpaka mvua?"

"Mpaka mvua initoe mwenyewe."

Mama Mitchel akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu alfajiri. Moyoni akasema asante, na Anayesikia akasikia.

"Sasa hii ya tatu tuisimamishe twende," akasema Christine. "Mzee, si umeona huna kosa? Shika basi."

Philemon hakushika. Kosa halikuwa lake, mke amekiri, kila mtu amesikia, na bado mikono yake iliingia ndani ya mifuko ya koti, yote miwili, mpaka kwenye viwiko.

Mama Mitchel akaona. Akajiuliza, kama si ua, basi huyu anaogopa kusema uongo gani?

Hakujiuliza kwa muda mrefu.

Kutoka upande wa lango ikasikika ngurumo. Si ya mvua. Ng'ombe wanane waliokuwa wakila kwa amani wakainua vichwa, wakatawanyika, na katikati yao, nyekundu, plau ikining'inia nyuma kama mkia wa nge, ikaingia trekta.

Dereva akazima mashine, akaruka chini. Kijana wa heshima, kofia mkononi.

"Habari zenu. Naitwa Wesley. Shamba la miwa ni hili?"

"Ni la nyasi," akasema Mama Mitchel.

"Niliambiwa la miwa, mathe. Nimepigiwa simu asubuhi, nikaambiwa ng'ombe wanatoka leo, nikuje nilime haraka. Kesho niko Kabras."

"Umepigiwa na nani?"

Wesley akamtazama Philemon. Philemon alikuwa anatazama ndege mmoja juu sana.

Wesley akakuna kichwa. "Mimi ni kazi tu, mathe. Naomba mtoe ng'ombe."

Hapo Kipsang, yule mtu wa maneno machache, akaenda akasimama mbele ya gurudumu la trekta. Akaegemea fimbo yake.

"Kijana," akasema, "hebu nikupangie, ili uelewe. Udongo hapa ni wa huyu mama. Nyasi, mpaka mvua ije, ni yangu. Ukitaka kulima udongo, ongea na yeye. Lakini plau yako kabla ifike kwa udongo itapita kwa nyasi. Na kwa nyasi utaongea na mimi. Na mimi leo sijisikii kuongea."

Trekta haikuwashwa. Ng'ombe mmoja alikuja akanusa taa yake.

"Lakini mimi niko na karatasi," akasema Wesley kwa unyonge, akatoa bahasha. "Mwenye shamba amekubali. Tangu Jumanne. Si mimi nimejileta."

"Mwenye shamba anaitwa nani hapo?"

"Anaitwa... Kageha Andati."

Mama Mitchel akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema.

Akasoma taratibu, mstari kwa mstari, kama anavyosoma Zaburi. Ekari tatu. Kulimwa na kupandwa miwa. Msimamizi, Philemon. Na chini kabisa, jina lake yeye, Kageha Andati, kwa mwandiko asioujua, na kando ya jina alama ya dole gumba, ya bluu, pana, imekolea.

Akaikunja karatasi. Alipoongea, sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote, na Kipsang, aliyekuwa ameanza kumjua, akashika fimbo vizuri.

"Shemeji. Mimi darasa nilifika la saba. Jina langu ninaliandika kwa mkono tangu la pili. Nililiandika kwenye karatasi za maziko ya ndugu yako, na wewe ulikuwa umesimama karibu yangu, ukanishikia mwavuli. Leo nani amenisahaulisha kuandika? Hili dole ni la nani?"

"Mimi sijui," akasema Philemon, mikono mfukoni. "Labda wewe ulisahau. Malaria..."

"Malaria hainenepeshi kidole, mzee," akasema Christine.

Akafungua ule mkoba wake, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa kibati cha wino, kile anachotembea nacho kwa ajili ya wale wasioandika. Akakifungua juu ya boneti ya trekta. Akaitandaza karatasi.

"Maharagwe yameshaungua," akasema. "Kwa hiyo niko na nafasi. Haya, madole gumba mbele. Mama Mitchel kwanza."

Mama Mitchel akaweka lake. Dogo, laini, mistari imebana. Halikufanana hata kwa mbali. Hata Wesley, ambaye hakuulizwa, akaweka lake, ili awe salama.

"Mzee Philemon."

Mikono ya Philemon haikutoka mfukoni.

"Mzee. Dole."

"Mimi... hii ni aibu. Mzee wa kanisa..."

"Mwacheni," ikasema sauti nyuma yake.

Naliaka akapita katikati yao. Hakuwa na haraka. Alifuta dole lake kwenye leso, akalikandamiza kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi kando ya lile la kwanza, taratibu, kama mwanamke anayeweka sadaka.

Katikati ya alama ile ya Jumanne kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umepinda. Ni kovu. Katikati ya alama mpya kulikuwa na kovu lile lile, limepinda vile vile.

Christine akasahau kufunga mdomo.

"Alinishika mkono akaniambia ni fomu ya mbegu ya mahindi," akasema Naliaka. Hakuwa analia. "Mimi sijui kusoma, nyinyi wote mnajua. Nikaweka. Mama Mitchel, dada yangu, nisamehe kinyesi, na unisamehe hii. Lakini kabla hamjanipeleka kwa chifu, muulizeni kwanza huyu mume wangu."

Akamgeukia Philemon, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yao, Philemon ndiye aliyeinamisha macho.

"Karatasi nilizoweka dole siku hiyo zilikuwa mbili, baba Rachael. Hii ni moja. Ya pili ni ya nini, na umempa nani?"